Kwenye Keria, Nyuma ya Shuka

Niseme mapema ili tusibishane baadaye: katika kusimulia habari za baiskeli hakuna wa kunishinda, kuanzia Bungoma hadi huku Doha. Kuipanda ndiyo sijawahi. Niliwahi kugongwa na moja, nayo ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Phyllis naye alikuwa fundi wa namna yangu. Baiskeli aliijua kwa nyuma, kwenye keria, kule Kimilili enzi za bodaboda za kukanyaga, mtu akikaa upandeupande na kikapu cha mayai pajani, akimgombeza dereva kila walipokaribia shimo. Hiyo ndiyo elimu aliyokuja nayo Doha kwa binti yake Jennifer, ambaye ni nesi, na ambaye alimwita kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa mjukuu wake Brandon, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa. Ya pili ilikuwa goti.

Goti lenyewe lilikuwa la Eugene, mume wa Jennifer, dereva wa basi la kubeba wafanyakazi wa hoteli. Ijumaa moja asubuhi walicheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi huku Muaither, mtaa walikoishi, madereva dhidi ya walinzi, naye Eugene akajisahau kwamba ujana umeshamuaga. Akapiga chenga. Mwili ukaenda kushoto, goti likabaki kulia. Wakampasua, wakamshona, wakampa magongo na onyo: akanyage baiskeli ya mazoezi kila siku, la sivyo goti litakauka kama mpini wa jembe. Kampuni nayo ikatoa onyo lake. Mapumziko yakiisha, daktari wao atamwambia achuchumae. Akichuchumaa, atarudi kwenye usukani. Asipoweza, kibali chake cha kuishi nchini kitafutwa, apande ndege arudi Kenya, na Jennifer abaki Doha na mtoto, maana kazi ya Jennifer ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote.

Haya, baiskeli ilipatikana. Fabian, rafiki yake Eugene, mlinzi wa nyumba za familia za kigeni kule Al Rayyan, alipewa moja na familia iliyokuwa inahama. Ilikuwa ya zile za mazoezi, gurudumu moja zito na pedali mbili, isiyokwenda popote. Fabian aliibeba begani mpaka mlangoni, akaitua huku anahema.

"Bro, mashine ndiyo hii. Haina breki, lakini pia haina safari, kwa hivyo usijali."

Shida ilikuwa kwamba nafasi ya kuiweka ilipatikana sebuleni tu, na sebuleni ndiko alikolala mama mkwe.

Asiyetoka kwetu ataniuliza, sasa kuna nini? Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mwanamume kuona kitanda cha mama mkwe ni jambo la kuitiwa wazee na kutozwa mbuzi. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kwa watu wa mila hiyo, nyumba ya Jennifer ilikuwa mtego. Ilikuwa villa, jumba kubwa, iliyokatwakatwa kama keki ya arusi, na wao waliangukiwa na kipande chenye chumba kimoja, sebule, na jiko la kugeukia kwa zamu. Mahindi ya kuingia hayakuwepo. Wazee wa nyumbani waliombwa ruhusa kwa simu. Wakakohoa, wakanong'onezana, wakasema Uarabuni ni Uarabuni, mama alale huko huko, mradi wasionane.

Mradi wasionane! Rahisi kusema ukiwa na shamba.

Kwa hiyo Eugene akawa mfungwa wa chumbani. Akitaka kwenda msalani, alikohoa kwanza. Phyllis akageukia ukuta na kujifunika leso kichwani. Magongo yakapita, tok, tok, tok, mlango ukafungwa. Kurudi ilikuwa vilevile. Phyllis aliutazama ukuta ule mpaka nyufa zake akazipa majina. Nayo baiskeli ilisimama kwenye kona yake, ikianikiwa nepi za Brandon.

Asubuhi moja, Jennifer akijiandaa kwenda zamu, Phyllis alisikia maneno chumbani. Kuta za nyumba zile ni mbao tupu; ukipiga chafya huku, jirani anakuombea afya kule.

"Eugene, goti halijakunjika hata robo. Kwani huwa unakanyaga saa ngapi?"

"Nitakanyaga vipi, Jeni? Nivae kaptula nihemeheme mbele ya mama yako?"

"Vaa suruali."

"Na hicho kifungio cha chuma cha goti nikivae juu ya suruali? Halafu kitanda chake kiko palepale. Nikikanyaga macho niyaweke wapi? Darini?"

"Yaweke darini!"

"Watu wa kwetu wakisikia nilimwagika jasho mbele ya mama mkwe, hata Brandon atakosa mke."

"Wakikurudisha Kenya, huyo Brandon atakujua kwenye simu. Sasa chagua."

Phyllis alikuwa amempakata mtoto, na maneno yale yakamwingia kama mwiba wa samaki. Alikuja kusaidia, kumbe yeye ndiye jiwe lililokaa mlangoni. Alifikiria kuomba tikiti arudi kwake. Lakini Jennifer akiwa zamu mtoto angebaki na nani? Na mtu wa magongo mawili atambeba mtoto kwa mkono upi?

Jennifer alipotoka chumbani, macho mekundu, sare imenyooka, mama yake akamwambia, "Nipe shuka. Lile kubwa la maua."

"La nini, Mama?"

"Nataka kujenga."

Alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye msumari wa pazia hadi kwenye kabati, akalitundika shuka, na sebule ikawa nchi mbili. Upande wake ulikuwa na godoro, vyombo vya mtoto na mlango wa jikoni. Upande wa pili ulikuwa na baiskeli, runinga, mlango wa chumbani na wa msalani. Shuka halikufika sakafuni. Chini liliacha nafasi ya kumtosha mtoto anayetambaa apite bila kuinamisha kichwa. Tangu siku hiyo Brandon akawa mtu pekee mwenye viza ya nchi zote mbili.

Binti yake alipoondoka, Phyllis akasafisha koo. Alikuwa hajawahi kumwita mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Baba Brandon!"

"Na... naam, Mama." Sauti ilitoka chumbani kama imetoka kisimani.

"Mila inasemaje juu yetu?"

"Inasema tusionane, Mama."

"Imesema tusisikiane?"

Eugene akafikiri. "Hapana. Hiyo sijawahi kuisikia."

"Basi toka ukakanyage baiskeli. Wewe uko Doha, mimi niko Kimilili. Hapa katikati ni mpaka, na mpaka una maua."

Siku ile alikanyaga kidogo sana. Pedali ilikuwa ikifika juu inakwama, naye anaguna, anairudisha nyuma, anajaribu tena. Phyllis akasikia guno lile mpaka akachoka kulionea huruma. Siku ya pili akasikia kitu kingine: sauti ya kusagika, nyororo, isiyokatika, krrrr, krrrr, kama mtu anatembea juu ya njugu kavu.

"Baba Brandon, unasaga mahindi?"

"Ni video, Mama. Yule wa mazoezi ya viungo kule hospitalini alisema niweke video za safari ili nisisikie uchovu. Ni mtu anaendesha baiskeli kwenye barabara ya changarawe, ameweka kamera mbele."

"Wapi huko?"

"Ulaya. Jina la mahali lina herufi nyingi zimekaliana vibaya, sitaliweza. Ni mashambani tu."

"Kuna nini?"

"Kuna ziwa."

"Halafu?"

"Halafu..." pedali ikakwama, akaguna, ikapita, "...ziwa lingine."

"Ehe! Watu wana ziwa na ziwa la akiba, na sisi hapa bomba la maji baridi linatoa maji ya kusongea ugali. Endelea."

Eugene hakuwa mtu wa maneno. Jennifer mwenyewe aliposwa kwa sentensi zisizozidi vidole vya mkono. Lakini mtu anayeulizwa na mama mkwe hajibu kwa kutikisa kichwa, hasa kama kuna shuka. Ikabidi aseme.

"Kuna miti, Mama. Mirefu, imepandwa kwa mstari pande zote mbili. Barabara inapita katikati, nyeupe. Sasa kuna... sijui nisemeje. Nyumba. Kubwa. Ni kasri."

"La mfalme?"

"La wafalme wa zamani. Liko kando ya maji. Lina minara minne."

"Madirisha?"

"Mengi mno."

"Nani anayaosha?"

"Simwoni mtu, Mama."

"Moshi je? Jikoni kunafuka?"

"Hakuna moshi."

"Minara minne na hakuna hata sufuria ya chai motoni. Pita. Hao hawatatukaribisha."

Ikatokea sauti upande wa pili ambayo Phyllis hakuitambua mara moja. Mkwe wake alikuwa anacheka. Na wakati anacheka, pedali ikapita juu bila yeye kuguna.

Hapo mama akajua dawa iko wapi.

Kesho yake, hata kabla video haijaanza, akauliza, "Hiyo baiskeli yako ina keria?"

"Haina, Mama. Ni ya mazoezi."

"Sasa ina. Mimi nimekaa, nimempakata mtoto, nimekaa upandeupande kwa adabu. Twende."

"Mama, wazee wakisikia nimekubeba kwa keria..."

"Keria yenye shuka katikati haina kesi. Kanyaga, jua litatuchoma njiani."

Basi wakawa wanakwenda kila siku. Nje Muaither ilikuwa inaungua. Paka walikuwa wamelala chini ya magari, na mtu akitoka kwenda dukani alirudi ametokota. Ndani, kiyoyozi kikinguruma, mama mkwe na mkwe wake walikuwa wanapita kwenye mashamba ya watu wasiowajua, kwenye changarawe iliyolowa umande, ziwa kulia, ziwa kushoto. Eugene akilegea, abiria alikuwa hamwachi.

"Baba Brandon, mbona tunayumba? Nimevaa gauni la kanisani."

"Ni mlima, Mama."

"Niteremke nisukume?"

"Hapana, hapana, kaa tu."

"Maana naweza kuteremka. Nitateremka, kisha nitawaeleza Kimilili yote kwamba mkwe wangu alinishusha mlimani na mtoto mgongoni."

Pedali zikazunguka kwa hasira. Gurudumu zito likaimba. Phyllis akatikisa kichwa kwa furaha na kuendelea kukunja nepi.

Aliuliza juu ya kila kitu. Ng'ombe wana rangi gani? Weusi na weupe. Wamenona? Wamenona, Mama. Wasalimie. Na yule bibi uliyesema yuko bustanini, ameshapita? Bado tunamkaribia. Anapalilia nini? Kama kabeji, Mama. Mwambie amezipanda karibu karibu. Na Eugene, Mungu ambariki, alikuwa akiinua sauti anaiambia runinga: "Mama anasema umezipanda karibu karibu!" Jennifer alirudi kutoka zamu siku moja akasimama mlangoni na mfuko wa mboga mkononi, akimwangalia mumewe amelowa jasho anagombana na kasri, na upande wa pili mama yake amekaa kwenye godoro anapunga mkono wa kwaheri kwa watu wa Ulaya. Aliingia jikoni akasonga ugali wa watu wengi.

Lakini goti si mtoto mzuri siku zote. Kulikuwa na siku ambayo yule wa mazoezi alilikandamiza sana hospitalini, likarudi nyumbani limefura kama andazi. Eugene alipanda baiskeli hivyo hivyo. Phyllis akasikia video imeanza, changarawe inasagika, ndege wanalia huko miti iliko. Hakusikia gurudumu.

"Baba Brandon, barabara inakwenda na sisi tumesimama."

Kisha akasikia pumzi ya mwanamume anayelia na hataki. Mila haikumfundisha mtu afanye nini akisikia mkwe analia. Phyllis alikaa na mikono yake juu ya magoti. Ni Brandon aliyejua la kufanya; alitambaa akapita chini ya maua, akaenda akashika mguu wa baiskeli, akasema neno lake moja alilokuwa nalo, ambalo halikuwa na maana yoyote.

"Njoo, baba," Eugene akasema. Halafu akazungumza kama mtu anayezungumza na shuka, si na aliye nyuma yake.

"Mama, mimi mama yangu alifariki nikiwa sijapoteza meno ya utoto. Baba alikuwa kazini Mombasa. Nililelewa nyumba hii mwezi huu, nyumba ile mwezi ule. Nilijiapiza wangu hatalelewa hivyo. Sasa goti hili... nikikatwa kazi hapa, mimi ndiye nitakuwa mtu wa kwenye simu. Mtandao ukipotea, baba amepotea."

Phyllis alikuwa na mzaha tayari mdomoni, maana huwa uko tayari. Akaumeza.

"Baba yake Jennifer alifanya kazi Nairobi," akasema. "Alikuwa anakuja Krismasi. Mwaka mmoja kaja na mkate na sukari na kigauni chekundu. Jeni akakipokea kigauni, akasema asante, kisha akaniuliza mbele yake: 'Mama, huyu mgeni ataondoka lini?' Mume wangu akacheka. Alicheka sana. Baadaye nikamtafuta sikumwona. Nilimkuta nyuma ya ghala, anayatazama mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yameshavunwa, Baba Brandon. Hakukuwa na kitu cha kutazama."

Changarawe ikasagika peke yake.

"Mimi nimekwishamwona mwanamume mmoja anatazama mahindi. Wa pili simtaki. Sasa niambie, tuko wapi hapo?"

Eugene akapenga kamasi. "Tuko kwenye mteremko, Mama. Chini kuna ziwa. Kuna ndege weupe, wakubwa, shingo ndefu."

"Mteremko haukanyagwi. Acha goti lifuate tu. Likitaka kusimama, lisimame. Sisi hatuna haraka, hakuna aliyetupikia."

Ikapita muda. Kisha gurudumu likaanza, polepole mno, kama bibi anayeinuka kitini.

Baada ya siku ile goti liliamua kutii. Magongo mawili yakawa moja, na moja likawa la Brandon kuchezea. Pedali zilizunguka bila kukwama, na Eugene akaanza kuzungumza hata asipoulizwa. Alisimulia madaraja ya mbao, alisimulia kasri lililovunjika lililoota mti kwenye paa, alisimulia watoto wanaouza matunda ya cheri kando ya njia bila mtu mzima wa kuwachunga. Video za safari ile zilikuwa nyingi, zikifuatana kijiji kwa kijiji, na ya mwisho kabisa, alisema, ilikuwa na ziwa kubwa kuliko yote na kasri katikati ya kisiwa.

Ndipo asubuhi moja Phyllis akatamka jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida.

"Goti likishapimwa likakubaliwa, mimi nakwenda zangu. Jeni atapata mtu wa kumshika mtoto, wapo. Kuku wangu nimemwachia Edith, na Edith ni rafiki yangu, lakini ni rafiki zaidi wa mchuzi."

"Ni kweli, Mama," Eugene akasema, na gurudumu likapunguza mwendo.

Kuanzia hapo safari ikaharibika kidogo. Kesho yake Eugene akasema njia imefungwa, itabidi wazunguke tena ziwa la jana. Siku iliyofuata wakamkuta yule yule bibi wa kabeji. "Huyu hajamaliza kupalilia tangu wiki ile?" Phyllis akauliza. "Ni mwingine, Mama. Wanafanana."

"Na lile kasri la kisiwani?"

"Mbali bado."

Phyllis hakusukuma. Kusema kweli hakutaka kufika. Kimilili nyumba yake ilikuwa nzuri, imepakwa rangi na Jennifer mwenyewe, lakini ilikuwa kimya. Jioni alikuwa anawasha redio ili kuwe na mtu wa kubishana naye. Hilo hakumwambia mtu. Mama mkwe hawezi kumwambia mkwe, nitakukosa. Hakuna maneno ya hivyo kwetu. Tuna maneno ya kudai mbuzi.

Siku ya kupimwa ikafika. Fabian alikuja na gari la kuazima akamchukua Eugene mapema. Jennifer alikuwa zamu, akiangalia simu kila alipopata nafasi. Phyllis alibaki na Brandon, akatia chumvi mboga, akasahau, akatia tena. Alifagia upande wake wa mpaka. Alitazama baiskeli kupitia chini ya shuka, mguu wake wa chuma umetulia, akajiona anaiombea dua baiskeli, mtu mzima na akili zake.

Mlango ukafunguliwa. Akasikia Fabian anasema "Poa, bro, tutaongea," na gari likaondoka. Hatua zikaingia, zikasimama, kiti cha baiskeli kikalia. Phyllis alikuwa amekaa sakafuni upande wake, anammenyea mtoto chungwa, na lingine liko kando.

"Wamesemaje, Baba Brandon?"

"Bado, Mama."

Kisu kikasimama. "Bado nini?"

"Goti. Daktari amelitazama, akatikisa kichwa. Amesema halijakunja sawasawa. Wameniongezea muda, hawajanikata. Lakini mazoezi yaendelee."

Phyllis akahisi sakafu inapoa chini yake. Akaliona ghala, akauona mgongo wa mumewe. "Ulijaribu kuchuchumaa?"

"Nilijaribu. Likagoma."

"Likagoma."

"Kabisa, Mama. Tena daktari amesema..." akakohoa kidogo, "amesema mgonjwa wa goti huzoea sauti. Kwa hivyo watu wa nyumbani wasibadilishwebadilishwe."

Phyllis akainua uso. "Daktari wa kampuni ya mabasi ndiye aliyesema hivyo?"

"Ni msomi sana, Mama."

"Alikuuliza na habari za kuku wangu?"

"Hakuuliza. Ila... alisema kuku kwa kawaida wanaweza kungoja."

Basi hapo moyo wa Phyllis, uliokuwa umeanguka, ukasimama ukajipangusa vumbi. Mtu aliyenyimwa kazi hazungumzi hivyo. Sauti ile aliijua. Ni ya mtoto anayejibu huku ameficha sukari mdomoni. Akamtazama Brandon, Brandon akamtazama. Akalichukua lile chungwa la pili, akalilenga kama mtu anayelenga embe la jirani, akalisukuma. Likabingirika chini ya maua, likavuka mpaka, likaenda likasimama mbali, karibu na ukuta wa upande wa pili.

"Lo! Baba Brandon, chungwa la mtoto limevuka. Niokotee, mwanangu."

Alimwita mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo, na pengine ndilo lililomponza. Eugene aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyeitwa na mama yake mzazi, akaenda kwa haraka, akachuchumaa kuliokota. Kutoka sakafuni Phyllis aliona vizuri: visigino vimekaa chini, paja limelala juu ya shavu la mguu, la kulia sawa na la kushoto, mwanamume mzima amejikunja kama mtu anayepuliza moto kwenye mafiga. Na hakuwa na haraka ya kuinuka. Alilipangusa chungwa kwenye shati, akageuka hivyo hivyo akiwa amechuchumaa, akamnyooshea mtoto.

"Baba Brandon."

"Naam, Mama."

"Usiinuke. Kaa hivyo hivyo ulivyo."

Mkono wenye chungwa ukaganda hewani.

"Hilo goti ninaloliona hapo, lililokunjwa vizuri hivyo, ni la nani?"

Brandon akalichukua chungwa lake, akaanza kuling'ata na ganda lake.

"La Fabian, Mama."